Siri ya Mtungi: Chakula Kirudishwacho Dukani Huishia Wapi?

Wahenga walinena kwamba siri ya mtungi aijuaye kata. Mtungi waweza kupendeza kwa nje, na mdomo wake ukafunikwa vizuri kwa kawa, lakini yaliyomo ndani hayajulikani ila kwa kata inayozama na kuzuka kila siku. Methali hii ilinijia hivi majuzi nikiwa mjini Thika, nimesimama mbele ya kabati la baridi katika duka moja kubwa, nikitazama kitu ambacho mimi mwenyewe nilikuwa nimekirudisha muda usiozidi nusu saa kabla yake.

Mama yangu mzazi anaishi Ngoliba, mashariki ya Thika, karibu na Kilimambogo. Msomaji aijuaye Kiambu kwa ukungu na majani chai pekee angeshangaa akifika huko. Ukishayaacha mashamba ya mananasi, nchi hushuka, hewa hukauka, na jua la adhuhuri huchoma mabati hata nyumba ikawa kama tanuri. Jumamosi moja nilikwenda kumjulia hali. Pamoja na unga na sabuni, nilimpelekea vikopo vinne vya yogati. Mama alikuwa mwalimu. Amestaafu kazi, lakini tabia za kazi hazijamstaafu. Kila kinachoingia jikoni mwake hukitia alama kwa kalamu ili ajue kiliingia lini. Vikopo vile alivitia herufi J na tarehe, kisha akavaa miwani na kuyasoma maandishi madogo yaliyokuwa ubavuni. Akasoma neno sukari. Mama ana ugonjwa wa sukari, nami mwanawe, mwenye shahada tatu za kusoma maneno, sikuwa nimelisoma neno hilo moja.

"Mwanangu, hivi havinifai," akaniambia. "Virudishe. Risiti unayo?"

Risiti nilikuwa nayo. Mama hana jokofu. Vikopo vililala mezani usiku kucha, vikashinda hapo hadi alasiri ya Jumapili, kisha nikavitia katika mfuko na kupanda matatu iliyosimama kila penye mtu aliyeinua mkono. Nilipofika Thika vilikuwa na joto la kiganja cha mtu.

Dukani palikuwa na kibao kilichoandikwa kwa herufi kubwa: MALI IKISHAUZWA HAIRUDISHWI. Hata hivyo, kijana aliyekuwa mezani alikuwa mpole. Alitazama risiti, akavigeuza vikopo juu na chini, akaniuliza swali moja tu: "Mzee, vimefunguliwa?"

Nikamjibu: "Havijafunguliwa."

Basi. Akaniruhusu nichukue vitu vingine vya thamani ileile. Nilikuwa ningali nachagua majani chai nilipokiona kigari cha mfanyakazi kikipita na vikopo vyangu. Vilipangwa katika kabati la baridi, safu ya mbele kabisa, herufi J ya mama ikionekana waziwazi. Punde akaja mvulana mwenye sare ya shule, akachukua kimoja, akaenda kulipa. Nilimwona. Ningeweza kumwita. Nilijitia hamnazo, nikamwacha aende.

Alipokwisha kutoka, ndipo dhamiri iliponisuta. Nilivichukua vile vitatu vilivyosalia, nikavilipia kwa pesa zangu, nikaenda kuvimwaga. Nilipomsimulia mama kwa simu, alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza: "Na yule mtoto?" Sikuwa na jibu, na sina hadi leo.

Mpenzi msomaji, huenda mtaalamu wa chakula akanifariji kwamba yogati ina uchachu unaozuia aina nyingi za vijidudu, na kwamba yamkini mvulana yule hakupatwa na lolote. Ni kweli. Lakini je, kama ingalikuwa nyama, au maziwa mabichi ya pakiti? Mtu mwingine angeulizwa swali lilelile, naye angejibu kwa neno lilelile.

Hebu basi tulitazame neno lenyewe, kwani maneno ndiyo kazi yangu. Walimu wa sarufi watalitambua mara moja. Mzizi ni -fung-. Tukitia kiambishi cha kutendua tunapata -fungua, yaani kuondoa hali ya kufungwa. Tukiongeza kauli ya kutendwa tunapata -funguliwa. Ha- ya mwanzo ni kikanushi, na -ja- huonyesha kwamba tendo halijatokea hadi wakati wa kusema. Kwa hiyo "havijafunguliwa" ni kauli ya kweli kabisa kuhusu kifuniko. Kuhusu kilichomo chini ya kifuniko haisemi neno. Haisemi kililala wapi, kwa saa ngapi, katika joto gani. Muuzaji aliuliza habari za mfuniko, nami nikamjibu habari za mfuniko. Hakuna aliyesema uongo, na bado mtoto wa watu aliuziwa kitu ambacho hakuna aliyejua hali yake.

Kosa letu sote wawili lilikuwa kudhani kwamba kufungwa na kuhifadhiwa ni kitu kimoja. Sayansi inakataa. Chakula kinachohitaji baridi hupaswa kukaa chini ya nyuzi 5 za selsiasi. Kati ya nyuzi 5 na 60 bakteria hustawi, na baadhi yao, wakipata mazingira yanayowafaa, huongezeka maradufu kila dakika 20 hivi. Pakiti ya maziwa iliyotolewa kwenye baridi kwa nusu siku kisha ikarudishwa haiwi tena pakiti ileile, hata kama hakuna kucha lililoigusa. Isitoshe, wako wadudu wanaopenda penye kifuniko. Bakteria aitwaye klostridiamu botulinumu hustawi mahali pasipo na hewa, na sumu yake huweza kuua. Ndiyo sababu kopo lililovimba halifai kuliwa, ijapokuwa halijafunguliwa. Kuvimba kwake ndiko kunakotoa siri ya mtungi.

Pia yupo mwanadamu mwenye nia mbaya. Mwaka 1982, katika jiji la Chicago na viunga vyake huko Marekani, watu saba walikufa baada ya kumeza dawa ya maumivu iliyokuwa imetiwa sumu ya sianidi. Uchunguzi ulionyesha kwamba dawa ilitoka kiwandani ikiwa salama. Ilichezewa baadaye na kuwekwa kwenye rafu za maduka. Tangu hapo ndipo vifuniko vyenye utando na pete zinazokatika vilipoenea ulimwenguni. Tunapovuta ule utando leo, tunafaidi funzo lililonunuliwa kwa roho za watu.

Je, inapasa chakula kilichorudishwa kifanyiwe nini? Kwa maoni yangu kipo cha aina tatu, na kila aina ina njia yake. Ya kwanza ni chakula cha baridi: maziwa, nyama, samaki, siagi, yogati. Hiki kikishatoka mlangoni hakifai kurudi kwenye kabati, kwa sababu muuzaji hana namna ya kujua kilikokuwa. Duka lenye uadilifu humrudishia mteja pesa zake likiona inafaa, kisha hukitupa na kuihesabu hasara. Ya pili ni chakula kikavu na cha makopo: unga, mchele, sukari, maharagwe. Hiki chaweza kukaguliwa. Tarehe i sawa? Mfuko haujararuka wala kuloa? Kopo halijabonyea kwenye mshono? Kikipita, si haramu kikarudi kwenye rafu, au kikapewa wenye njaa. Ya tatu ni chakula kilichorudishwa kwa amri, kwa kuwa kimegunduliwa kuwa na madhara. Hicho kisiguse rafu tena kamwe. Kiharibiwe mbele ya afisa wa afya.

Katika vioski vyetu vya mitaani jambo hili lina sura ya kibinadamu zaidi. Mwenye kioski anamjua anayerudisha pakiti ya unga, anamjua mamaye, na anajua kama nyumba yao inavuja. Kata inaujua mtungi. Kwa upande wa mikate, ile isiyonunuliwa aghalabu hurudi kwa mwokaji gari linapoleta mipya, na mingi ya iliyorudi huishia kwa wafugaji wa nguruwe na ng'ombe. Huo ni utaratibu mzuri, mradi mkate uende kwa mnyama kweli, usigeuzwe njiani ukapewa karatasi nyingine na tarehe nyingine.

Na hapo ndipo penye kidonda chenyewe. Hatari kubwa haitokani na vikopo vinne vya mwalimu mmoja. Inatokana na chakula kilichokataliwa kwa malori, kikakosa mtu wa kukisindikiza hadi mwisho wake. Mji huuhuu wa Thika una ushahidi. Mwaka 2018 sukari iliingizwa nchini ikatangazwa kuwa haifai kuliwa na binadamu. Ilikuwa magunia 20,000, na iliamuliwa kwamba ikageuzwe kuwa spiriti ya viwandani. Ilikaa ghalani Thika kwa miaka. Mnamo Mei 2023 taifa lilipigwa na butwaa kusikia kwamba sukari hiyo ilikuwa imeachiliwa kinyume cha taratibu. Mkuu wa Utumishi wa Umma, Bw. Felix Koskei, alitangaza kusimamishwa kazi kwa maafisa 27 wa idara mbalimbali, akiwemo mkurugenzi mkuu wa Shirika la Viwango nchini, KEBS. Magunia yale hayakuwa yamefunguliwa. Sukari ni nyeupe ikiwa nzuri, na ni nyeupe ikiwa mbovu.

Kabla ya hapo tulikuwa tumeonjeshwa jambo kama hilo kwa unga. Novemba 2019 KEBS ilipiga marufuku chapa tano za unga wa mahindi kwa kuwa na sumu ya aflatoksini kupita kiwango, ikawaamuru wenye viwanda kuuondoa madukani. Januari 2020 chapa nyingine 17 zikafuata. Nakumbuka jinsi watu walivyotazamana jikoni, pakiti mkononi, wasijue wazirudishe, wazipike au wawape kuku. Sumu hiyo hutokana na kuvu inayoota kwenye mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu. Haionekani katika unga, na moto wa kupikia ugali hauimalizi. Ukimlisha kuku, huenda ikakurudia kwa mlango wa nyuma, kwani mnyama naye hudhurika, na maziwa ya ng'ombe aliyeila hubeba mabaki yake.

Wakazi wa Ngoliba hawahitaji kuhadithiwa habari za aflatoksini kama ngano. Mwaka 2004 ugonjwa huo ulipozuka nchini, waliougua walihesabiwa kuwa 317 na waliokufa 125. Wengi walikuwa wa Makueni na Kitui, lakini Thika ilikuwa miongoni mwa wilaya zilizotajwa. Kwa hiyo mama mzee wa Ngoliba anapoandika tarehe kwenye mfuko wa unga, msimcheke. Anajua anachokiogopa.

Huenda msomaji akauliza: sheria iko wapi? Sheria ipo, tena si haba. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya kutokuwa na njaa na ya kupata chakula cha kutosha chenye ubora unaokubalika. Kifungu cha 46 kinampa mnunuzi haki ya bidhaa zenye ubora ufaao, haki ya kupewa maelezo anayoyahitaji ili afaidi alichonunua, ulinzi wa afya yake, na fidia akidhurika. Ipo Sheria ya Kumlinda Mtumiaji ya mwaka 2012. Ipo Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, inayodai kitu kiwe cha hali ya kuuzika. Na ipo Sura ya 254, inayokataza kuuza chakula kisichofaa kuliwa na binadamu.

Tuyapime basi maneno ya kile kibao. "Mali ikishauzwa hairudishwi." Hapa pia kuna kauli ya kutendwa, na kauli hiyo ina tabia ya kumficha mtendaji. Nani aliyeuza? Nani asiyerudisha? Nani aliyekataza? Hawaonekani. Sentensi inasikika kama kanuni ya maumbile, kama kusema jua likichwa usiku huingia. Kumbe ni matakwa ya mwenye duka tu. Ni kweli kwamba ukinunua kitu kizima kisha ukabadili nia, kama nilivyofanya mimi, duka halilazimiki kukupokea. Likikupokea ni hisani. Lakini ukiuziwa kitu kibovu, kibao hakiwezi kuifuta Katiba. Mwanafunzi anayeweza kuigeuza sentensi hiyo kutoka kutendwa hadi kutenda ameshaanza kuzijua haki zake.

Lugha yetu imetuachia dokezo jingine. Kitenzi rudi hakina maana ya kwenda ulikotoka pekee. Kumrudi mtoto ni kumtia adabu, na marudi ni adhabu ya kumwongoa. Chakula kibovu kinaporudi dukani, kingefaa kimrudi muuzaji. Ndugu zetu wa Tanzania nao wana neno zuri: mtu tunayemwita mtumiaji wao humwita mlaji, hata kama alichonunua ni redio. Neno hilo linatukumbusha kwamba mwisho wa biashara yote ni kinywa cha mtu.

Sitaki nieleweke kwamba kila kinachorudi kitupwe. Kutupa chakula kizuri nako ni dhambi. Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira lilikadiria kwamba mwaka 2022 dunia ilitupa tani bilioni 1.05 za chakula. Asilimia 60 ilitoka majumbani, na asilimia 12 katika maduka. Wenzetu wametafuta njia. Mwaka 1967 huko Phoenix, Marekani, John van Hengel alianzisha ghala la kukusanya chakula kizima kisichouzika na kuwagawia wahitaji, na mfano wake umeigwa kote duniani. Mwaka 1996 Marekani ikapitisha sheria ya kumkinga anayetoa chakula kwa nia njema asishtakiwe ovyo. Mwaka 2016 Ufaransa ikayakataza maduka yenye ukubwa unaozidi mita 400 za mraba kuharibu chakula kinachofaa kuliwa; sharti yafanye mapatano na mashirika ya hisani. Nasi hapa nchini tunayo mashirika yanayokusanya chakula kwa ajili ya shule na makao ya watoto. Tofauti ya kumlisha mwenye njaa na kumtupia takataka ni ukaguzi tu. Maskini hana tumbo la chuma.

Napendekeza mambo matatu, na yote yanawezekana. Kwanza, kila duka liwe na daftari la vyakula vilivyorudishwa: nini, lini, kwa sababu gani, na kimekwenda wapi. Mali bila daftari hupotea bila habari, na safari hii kinachopotea huweza kuwa uhai. Afisa wa afya akija, alisome daftari hilo kabla ya kutazama rafu. Pili, yule kijana wa mezani afundishwe swali la pili. Baada ya "vimefunguliwa?" aulize "vilihifadhiwa wapi?" Tatu, maneno ya kwenye pakiti yaandikwe kwa Kiswahili, lugha ya taifa na rasmi kwa mujibu wa kifungu cha 7 cha Katiba. Kuna tofauti kubwa kati ya tarehe ya usalama na tarehe ya ubora. Ya kwanza yasema: baada ya siku hii usile. Ya pili yasema: baada ya siku hii ladha huenda ikapungua. Asiyejua tofauti hiyo hutupa biskuti nzima na kunywa maziwa mabovu. Tuandike "Usitumie baada ya" kwa ile ya kwanza, na "Ni bora zaidi kabla ya" kwa ile ya pili, bila kuyachanganya.

Kwenu walimu, pamoja nanyi mnaosomea ualimu hapo Kilimambogo, nina ombi. Waambieni wanafunzi walete darasani pakiti tupu kutoka nyumbani. Wasome tarehe, viungo, maelezo ya kuhifadhi. Watafsiri. Watafute kauli za kutendwa na waulize mtendaji ni nani. Hilo litakuwa somo la sarufi, la sayansi na la uraia kwa kipindi kimoja, wala halihitaji vitabu vya kununua.

Nami nimelipata somo langu. Juma lililofuata nilirudi Ngoliba na yogati isiyotiwa sukari, nikiwa nimesoma kila neno la kwenye kikopo. Mama alikipokea, akavaa miwani, akakisoma tena mwenyewe tangu mwanzo hadi mwisho, kisha akachukua kalamu yake akakitia alama.